Asali ya Kidawa na Siku Saba za Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na kufagia nyua kila asubuhi, aliishi Bi Sange. Mnamjua sange: mwili kiganja kimoja, pua ndefu, miguu haitulii. Binti yake Kidawa alikuwa na kifua. Asipolamba asali, alikohoa kutwa nzima, koho koho, na mama yake hakuwa na raha.

Mvua ikawaingilia ndani, wakahamia ng'ambo ya kijito. Nyumba ya zamani ilipokauka tu, Fisi akajisogeza humo na mkeka wake. Alieneaje, mimi sijui, msiniulize.

Sasa sikilizeni desturi yao. Kila njia panda ilikuwa na mwelekezi, aliyekariri nani anakaa wapi. Aliyehama alimwarifu Kiboko, mkubwa wa waelekezi, naye aliikalia habari siku saba ndipo awaambie wenzake. Kwa hiyo Kanga, aliyebeba asali ya Kidawa kutoka kwa Nyegere mrina asali, akawa anaelekezwa kule kule kwa zamani. Bi Sange alipomsihi, Kanga alisema yeye hupeleka alikoelekezwa. Fisi akapokea kibuyu, akashukuru, akalamba.

Siku ya tatu tangu amwarifu Kiboko, Bi Sange akamwendea kwenye tope lake.

“Shikamoo, Bwana Kiboko.”

“Marahaba, Bi Sange. Najua shida yako. Bado siku nne.”

Kiboko hakuwa na roho mbaya. Alimweleza kwamba zamani habari ilitangazwa papo hapo, hadi Ngedere alipodai asubuhi kuwa amehamia kwa Tembo, akaingia humo kama mwenyeji, na kufikia adhuhuri ndizi zote za Tembo zilikuwa tumboni mwa Ngedere.

“Kwa hiyo siku hizi nne,” akauliza Bi Sange taratibu, “yeyote anayeniulizia ataelekezwa kwa Fisi?”

“Yeyote yule. Hata ukilia.”

Bi Sange akashukuru, akaondoka pua ikimcheza.

Alikwenda moja kwa moja kwa siafu, waliokuwa na kinyongo naye siku nyingi. Akapanda jiwe, akawaambia, “Jana niliwala wajomba zenu, na walikolea chumvi. Mkinitaka, nipo nyumbani. Ulizeni njia panda.” Kisha tiki tiki tiki, akatoweka. Hata hivyo alihofu, maana mwelekezi mmoja tu akikosea, siafu wangemwendea Kidawa, na hakujua kama kijito kingewazuia.

Hakukosea hata mmoja. Siafu walimkuta Fisi ametumbukiza uso kibuyuni. Wakampanda miguu, wakampanda mgongo, wakafika puani. Aliapa kwamba yeye si Sange. Siafu wakamjibu kwamba mwelekezi ndiye aliyesema. Fisi akatoka mbio, akajitupa kwenye tope la Kiboko, chubwi! Siafu nao wakahamia masikioni mwa Kiboko.

“Tangaza sasa hivi!” akalia Fisi. “Sange hakai kwangu!”

Kiboko akazama, akaibuka, akamwona Bi Sange amesimama ukingoni, mpole kabisa.

“Bwana Kiboko, usingoje siku, ngoja ushahidi,” akasema. “Kanga akauone mlango wangu kwa macho yake. Akirudi, tangaza.”

Kanga akaenda, akamkuta Kidawa kizingitini akikohoa, akarudi kusema. Kabla ugali wa mchana haujaiva, kila njia panda ilikuwa na habari. Siafu pia waliuliza upya wakaelekezwa sawasawa, lakini walipofika kijitoni wakayatazama maji, wakarudi kwao.

Kesho yake kibuyu kikavuka maji. Kidawa akalamba, akalala usingizi mzito bila kikohozi, na mama yake akakaa kumsikiliza anavyopumua. Kisha Bi Sange akachota kijiko kimoja, akampelekea Fisi apake pua yake iliyovimba.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: habari ya kuhama ihakikiwe kwanza, na ikishahakikiwa isilazwe njiani.