Dafroza wa Kizingitini

Katika zama zile ambapo matanuri ya udongo yalisimama juu ya nyanda za Ufipa, marefu kuliko nyumba za watu, na chuma kikatoka humo chekundu kama macho ya mtu aliyefiwa, alizaliwa kijijini Ntumbi mtoto wa kike, Dafroza binti Kazumba, na Kazumba alikuwa mwana wa Kapele, na Kapele mwana wa mhunzi ambaye jina lake limepotea lakini majembe yake yalilima nchi hii mpaka yakalika yakawa membamba kama majani ya mahindi. Huyo ndiye Dafroza Magoti ya Chuma, Jiwe la Mlangoni, Mama Asiyerukwa, aliyeanzisha shirika ambalo kwenye barua rasmi lina jina refu la Kilatini na sokoni linaitwa Masista wa Kizingiti.

Wapo wanaosimulia kwamba alizaliwa ameshika rozari. Hakushika rozari. Alizaliwa mikono mitupu, analia, kama sisi sote, na mkunga wake alisema jambo moja tu, kwamba mtoto huyu ni mzito. Uzito huo haukumtoka. Alipokuwa na miaka kumi na minne alijitwika fuawe la baba yake, jiwe la kufulia chuma ambalo wanaume wawili hulisukuma kwa magogo, akalivusha mto wakati wa masika, kwa sababu baba yake alikuwa anahama na wanaume hao wawili walikuwa bado wanajadiliana nani ashike upande gani. Ndivyo alivyokuwa maisha yake yote: watu wakijadiliana, yeye yuko ng'ambo.

Kisha ikaja homa iliyofuata vita vya Wazungu, ile iliyopita nyumba kwa nyumba kama mkusanya kodi, ikaacha watoto wameketi uani hawana wa kuwaita ndani. Mapadre wa misheni, watu wema, tusiwasingizie, walijenga nyumba ndefu ya matofali yenye vitanda safu mbili, wakamwita Dafroza, wakati huo msichana wa miaka ishirini na miwili aliyekwisha kukataa wachumba watatu, pamoja na wenzake sita, wakawavika vitambaa vyeupe, wakawaambia, "Lisheni watoto." Wakawalisha. Uji wa ulezi asubuhi, maharage mchana, sala katikati. Wageni wa ng'ambo walipofika, watoto walipangwa mistari miwili wakaimba, wageni wakalia, kisha wakaondoka wamefurahi kwamba wamelia.

Miaka ikapita, na watoto wa nyumba ndefu wakakua bila kujua salamu za ukoo wao, wala mwiko wao, wala kaburi la bibi yao liko upande gani. Msichana akiulizwa kisimani, "Wewe wa nani?" alijibu, "Wa misheni," kama vile kiti cha misheni, kama vile punda wa misheni. Dafroza aliyasikia majibu hayo miaka minne. Mwaka wa tano aliwaketisha wenzake sita akatamka kanuni ya kwanza ya shirika, ambayo hamtaikuta imeandikwa kwenye ukuta wowote:

"Mtoto mwenye shangazi si yatima. Ana shangazi mvivu."

Akaanza kuwarudisha. Alimbeba mtoto mgongoni, akatembea siku moja au nne, akaulizia ukoo, akafika kwenye nyumba, akabisha hodi, akaketi kizingitini. Basi. Katika nchi ile mtu aliyeketi kizingitini harukwi, maana kumruka mtu ni kumtakia mauti, na mwanamke aliyeketi hapo na mtoto hashikwi mkono akaondolewa. Kwa hiyo mwenye nyumba alibaki na mambo mawili: kumpokea mtoto, au kukaa ndani akiwasikiliza mbuzi wake wanavyokula shamba la jirani. Nyumba nyingi zilichukua siku moja. Ya mganga mmoja ilichukua asubuhi tu, kwa sababu wagonjwa walikuwa uani wanasubiri na wameanza kumcheka. Kwa miaka saba Dafroza alirudisha watoto sitini na mmoja, na kila aliporudi mgongo mtupu mapadre walimpongeza kwa mdomo huku macho yao yakienda kwenye vitanda vilivyobaki wazi.

Hapa ndipo wasimuliaji wa jubilei hii ya shirika huruka. Wanakwenda moja kwa moja kwenye miujiza, mara alituliza radi, mara simba alimpisha njia. Simba hajawahi kuwa taabu ya mtu huyu. Taabu yake ilikuwa Mzee Gaudensi Sangu.

Mzee Sangu ndiye aliyeshika nguzo ya mbele ya mwavuli siku ya maandamano ya Ekaristi, na alikariri zaburi kwa sauti iliyofika zizini. Dada yake alipokufa aliacha binti wa miaka saba, Kalista, na shamba la maharage kule bondeni ambako maji hayakauki. Siku ya tatu baada ya mazishi Mzee Sangu alimpeleka mtoto misheni. Shamba alibaki nalo.

Mwezi wa sita, baridi ikiwa inang'ata masikio, Dafroza akamleta Kalista mlangoni pa mjomba wake.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Mzee Sangu kutoka ndani.

"Milele amina. Nimekuletea mpwa wako."

"Kwani, Sista, huko misheni chakula kimeisha?"

"Chakula kipo. Wamekwisha ndugu."

"Zaburi inasema Mungu ndiye baba wa yatima."

"Inasema. Mjomba haikumtaja, ilidhani anajijua."

Mzee akacheka, maana alikuwa na meno mazuri na alipenda yaonekane. "Haya, kaa. Baridi ya huku haijui kama wewe ni sista."

Akakaa. Alimfunika mtoto kwa shuka lake, yeye akabaki na kitambaa cha kichwani. Ndani ya nyumba ile alilala mama yake Sangu, ndiye bibi wa mtoto, mgonjwa wa miezi mingi, ambaye alisikia kila neno na hakuwa na sauti ya kutosha kujibu. Alikuwamo pia mke wa mzee, Bi Fausta, mwanamke mwenye mdomo, ambaye siku ya pili alisema bila kugeuka kutoka jikoni, "Mume wangu, si utoke ukachunge? Au leo ng'ombe ndio watakuja kukuamkia humu ndani?"

Siku ya tatu Mzee Sangu alichukua panga na jembe, akatoboa ukuta wa nyuma wa nyumba yake mwenyewe. Akatoka kwa kichwa, mabega yakakwama, akasukuma, udongo ukamwingia kwenye ndevu, na alipoinua macho aliwakuta majirani wamesimama.

"Shikamoo mzee," akasema mmoja. "Kichwa kimetangulia. Uzazi mzuri."

"Mkunga nani?" akauliza mwingine.

Mzee Sangu akajikung'uta akaenda zizini, na tangu hapo aliingia na kutoka kwa tundu, siku baada ya siku, yeye mshika mwavuli, ili tu asimpe mtoto mmoja mahali pa kulala. Nawaambieni, mtu akikataa jambo dogo, hakuna jambo kubwa atakaloshindwa kufanya ili aendelee kulikataa.

Siku ya tano akaja katekista na barua ya Padre Mkuu. Wageni wa ng'ambo walikuwa njiani, nyumba ndefu ilikuwa na watoto kumi na tisa tu, na Mama wa shirika hayupo. Arudi mara moja, arudi na mtoto. Asiporudi, mwingine atapewa cheo chake.

"Nimwambie nini Padre?" aliuliza katekista, akikwepa kumtazama usoni, kwa kuwa Sista tayari alikuwa anakohoa.

"Mwambie nipo kazini. Cheo akichukue."

Usiku na mchana aliketi. Kalista alimwambia, "Mama, twende nyumbani," naye akamjibu, "Hapa ndipo nyumbani. Wenyewe tu ndio bado hawajui." Mvua ya manyunyu ikaja, ile isiyonyesha wala kuisha. Kikohozi kikashuka kifuani.

Siku ya nane yule bibi akafa.

Ndipo lilipokuja jambo ambalo Mzee Sangu hakulifikiria alipokuwa anatoboa. Maiti ya mama wa mwenye nyumba haipitishwi tunduni kama kuku wa kuibwa. Hutoka kwa mlango wa mbele, miguu ikitangulia, mbele ya watu, na watu walikuwa wamejaa uani, ukoo mzima, na machela ilikuwa imebebwa tayari, na kizingitini ameketi binti Kazumba na mtoto mapajani.

"Sista," alisema Mzee Sangu, na safari hii sauti yake haikufika hata kwenye ghala, "mpishe mama yangu."

"Nitampisha. Mimi sifungi njia ya maiti." Alipumua kwanza, kwa sababu pumzi ilikuwa inamgharimu. "Lakini huyu ameondoka na neno. Siku nane amelisikiliza humo ndani. Kabla hajavuka, ajibiwe: mjukuu wake analala wapi leo?"

Mzee Sangu alitazama paa la nyumba yake. Zaburi mia moja na hamsini alizozijua hazikumpa hata neno moja. Mashangazi walitazama chini. Wajomba wadogo walimtazama mjomba mkubwa. Machela ilianza kuwaelemea waliobeba.

"Kwangu," alisema Bi Fausta.

Watu wakageuka.

"Atalala kwangu, kwenye kitanda cha bibi yake, na shamba la mama yake tutalipanda maharage mimi na yeye. Mume wangu akiona vibaya, tundu si lipo?"

Akainama akamshika Kalista mkono, akamwingiza ndani, na mlango ukawa wazi.

Dafroza akataka kusimama. Magoti yaliyovusha fuawe mto wa masika yakakataa. Ilibidi waliobeba machela waiweke chini wamwinue kwanza aliye hai, ndipo wamtoe aliyekufa. Wakamrudisha misheni kwa kumbeba zamu zamu, na siku ya tatu kichomi kikamuua. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Wageni wa ng'ambo walimkuta kaburini. Padre Mkuu alisema maneno marefu na mazuri, mengi yakiwa ya kweli, kisha akachukua konzi ya udongo. Hapo Sista Malina, mdogo kuliko wote katika wale sita, msichana ambaye hakuwahi kusikika akisema zaidi ya "ndiyo", akasimama mbele ya kaburi.

"Mama huyu ameacha watoto kumi na tisa. Wanalala wapi leo?"

"Wanalala misheni, Sista," alisema Padre.

"Samahani, Padre. Nimewauliza hawa."

Hao walikuwa watu wa Ntumbi na vijiji vyote vya jirani, wamejaa mpaka barabarani, wamelia mpaka wamechoka. Kulia walijua. Swali ndilo lililowashinda, na jua likapita kichwani, na Padre bado ana udongo mkononi. Mwishowe akatoka mwanamke mmoja akamchukua mtoto wa dada yake. Akatoka mzee na fimbo yake. Walitoka mmoja mmoja, polepole, kwa aibu zaidi kuliko kwa upendo, na hadi jua linazama watoto kumi na sita walikuwa wamekwenda. Watatu hawakuwa na mtu. Waliokotwa njiani baada ya homa, hata lugha ya mama zao haikujulikana. "Hawa ndio wetu," alisema Sista Malina, na udongo ukamwagwa. Hao watatu ndio shirika. Kwa ajili ya mtoto wa namna hiyo, na si mwingine, masista wale waliweka nadhiri.

Leo jengo lina vitanda mia tatu na vyote vimejaa, na mnaiita baraka. Mama Dafroza amechongwa kwa saruji pale langoni, amesimama, anatabasamu, amenyoosha mikono. Huyu ambaye kazi yake yote aliifanya ameketi, amenuna. Na watoto mia mbili na zaidi kati ya hao wana mashangazi, na mashangazi wamo humu humu, wamevaa kitenge chenye picha yake.

Lakini alama aliyotuachia bado ipo. Katika vilima hivi udongo haumwagwi juu ya mzazi mpaka swali liulizwe. Mwezi uliopita tulimzika Oresta, mwalimu wa chekechea, aliyeacha binti wa miaka mitano. Swali likaulizwa. Watu wakatazama chini, kisha wote kwa pamoja, kama waliofundishwa, wakageuza shingo kuelekea waliposimama masista. Sista mmoja kijana, aliyekuwa ameshika koleo, aliliweka chini. Akaketi juu ya kifusi cha udongo na kukunja mikono. Mvua ikaanza, wenye magari wakayaangalia magari yao, mpishi akatuma mtu kusema wali unapoa. Ilichukua saa mbili. Kaka wa marehemu ndiye aliyejibu, shati limemganda mgongoni, amekasirika, akasema haya basi, kwangu, kwani nilisema sitaki.

Hakuna aliyempigia makofi. Mtoto alilala ndani.