Magoti ya Mtoto wa Udongo

Haya, sogeeni, na anayesinzia apigwe kikumbo!

Hapo kale, Zimwi lilibisha kwa Bi Mkasi, mfinyanzi. "Nipe yule mtoto niliyemwona akicheza!"

Bi Mkasi akamfunika bintiye Mwanasha kwa tenga, akashika sanamu ya mtoto aliyoifinyanga. Akaipaka udongo mwekundu, ikapendeza kama bibi harusi. Akaitoa mlangoni.

"Siye!" Zimwi likanguruma.

"Ngoja nimvishe." Akaipaka chokaa, ikang'aa kama mtoto wa Idi.

"Siye! Nikikosa tena, naingia mwenyewe!"

Ndipo Bi Mkasi akagundua kwamba anaipaka sanamu ifanane na mtoto ambaye yeye mama angependa kuwa naye, ilhali Zimwi lilimwona yule anayecheza nje vumbini. Akafuta rangi zote, akachota majivu jikoni, akayapaka magotini pa sanamu tu, magoti yakapauka.

"Ndiye!" Zimwi likaikwapua, likatokomea porini.

Mwanasha akatoka kwenye tenga, magoti yamepauka vilevile. Kila jioni mama alimgombeza kwa vumbi lile. Jioni ile aliyakumbatia magoti hayo.

"Leo huogi, mwanangu," akasema, huku analia na kucheka.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Ninyi lakini, kaogeni!