Kata Tatu kwa Spika za Hosana

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakifunga ndoa na kusali pamoja, palikuwa na ziwa lililopenda kulala. Asubuhi za kipupwe lilijifunika ukungu mweupe, na hakuna aliyeweza kusema maji yameishia wapi na mbingu zimeanzia wapi. Ndege waliopita juu yake walisikika tu. Hawakuonekana.

Katika ziwa hilo kilisafiri chombo cha injini kilichoitwa Hosana. Mwenye chombo, naye ndiye nahodha, alikuwa Kiboko. Kila Jumapili aliwavusha waumini wa bara hadi kisiwa cha Nyakasale, lilikokuwa kanisa lao la mawe. Usukani ulikuwa mikononi mwa Kiboko, lakini njia ilikuwa masikioni mwa Nyamizi.

Nyamizi alikuwa pimbi, mjane, mdogo kiasi cha kutoshea ndani ya kofia ya nahodha. Aliketi mbele kabisa ya chombo, na kazi yake ilikuwa kusikiliza. Ukungu uliposhuka, spika ya Hosana iliimba ubeti mmoja wa wimbo wa sifa. Kisha wimbo ulikoma, injini ikazimwa, na abiria wote wakanyamaza hata watoto wachanga. Huko kisiwani, juu ya mwamba wa bandari, mama yake Nyamizi, Bibi Mbuke, ambaye macho yake yalikwisha kufunikwa na mtoto wa jicho, aliusikia ule ubeti akagonga debe tupu. Ko, ko, ko. Nyamizi alinyosha mkono kuelekea ulikotoka mlio, na Kiboko akageuza usukani. Ubeti, kimya, debe, mkono. Ndivyo walivyovuka miaka mingi, kama walivyoongozwa wale wa jangwani waliofuata wingu, wasijue kesho watalala wapi, ila wakijua wanaongozwa.

Kipupwe kimoja ile spika ikafa kwa uzee. Jumapili iliyofuata Kiboko alisema haidhuru, ataimba mwenyewe. Akanguruma, buuu, na mngurumo wake ukazagaa ukunguni ukatoka pande zote kwa wakati mmoja. Bibi Mbuke aligonga, lakini mlio wa debe ukamezwa na mngurumo. Hosana ikakwaruza mwamba, kwaruu, na mtoto wa Digidigi akatumbukia. Nyamizi alipasikia alipoangukia, akawaonyesha kwa mkono. Walipomvuta nje midomo yake ilikuwa ya buluu, na mama yake alimkumbatia asimwachie.

Siku hiyo Nyamizi alimkuta Bibi Mbuke bado mwambani. Alikuwa amegonga debe tangu alfajiri hadi adhuhuri, viganja vimevimba, asijue kama binti yake yu hai. Hakulalamika. Aliuliza tu kama spika nyingine itapatikana, maana Sikukuu ya Mavuno ilikuwa Jumapili ya pili kutoka hapo, na siku hiyo bara nzima ingevuka, wazee wakiegemea fimbo na watoto wa kubatizwa wakiwa mgongoni.

Basi mzee wa kanisa, Nyati, akaitisha mavuno ya kila nyumba, magunia ya karanga na mtama, ili Hosana inunuliwe spika. Na Alhamisi ya kabla ya sikukuu akaja Bwana Fisi, mfanyabiashara, akisukuma mkokoteni.

Juu ya mkokoteni yalisimama masanduku mawili marefu kama milango, yamepakwa rangi nyeupe iliyong'aa, kila moja limechorwa nanga ya buluu. Fisi alisema ni spika za majini, zimetengenezwa kwa ajili ya vyombo na si kwa kitu kingine. Akaziunganisha na betri, akapiga wimbo. Dum! Dum! Vumbi likaruka, kuku wa Mama Kanga wakakimbilia vichakani, na taa nyekundu zikawakawaka ndani ya masanduku. Kiboko alifumba macho kwa raha. Nyati alisema hivi ndivyo kuta za Yeriko zilivyoanguka.

Nyamizi hakufumba macho. Alipenya nyuma ya sanduku, pale penye tundu, akaingiza mkono. Uso wa spika ile ulikuwa karatasi. Pembeni mwake palikuwa na kitambaa, na skrubu zilikwisha kuanza kushika kutu kwa unyevu wa pwani ya ziwa tu. Alitoka akakaribia miguu ya Kiboko.

"Nahodha," alisema, "hizi ni za ukumbi wa ngoma. Karatasi haivuki ziwa. Na hata zikivuka, zikinguruma hivi kando ya masikio yangu, yataziba, nisimsikie mama akigonga debe hata wimbo ukikoma."

Kiboko alicheka hadi tumbo likatikisika. "Binti wa mawe, wewe hata mkia Mungu alisahau kukupa, leo unataka kutufundisha spika?"

Wote wakacheka. Nyati hakucheka, lakini alimwambia kwa upole aliodhani ni hekima kwamba sifa za Mwenyezi hazipaswi kunong'onezwa, na kwamba hofu ya mwanamke isizuie baraka ya kanisa. Ikakubaliwa kwamba masanduku yapakiwe Jumamosi, mchana kweupe, mbele ya wote.

Nyamizi akarudi kwenye mwanya wake katikati ya majabali. Aliketi mlangoni, na ukungu wa alasiri ukapanda kutoka ziwani, ukampita, ukaingia nyumbani kama mgeni aliyezoea. Alisikiliza. Ndani ya weupe ule alisikia matone yakidondoka majanini, samaki akiruka mbali, na kitu kilichofanana na debe, ingawa haikuwa siku ya debe. Akamkumbuka nabii aliyesimama mlangoni mwa pango. Upepo ulipasua milima, na Bwana hakuwamo. Tetemeko likapita, moto ukapita, na Bwana hakuwamo. Kisha ikaja sauti ndogo, na nabii akafunika uso wake. Nyamizi naye akafunika uso. Aliomba kwa uchungu, wala hakuomba Kiboko aaibishwe. Aliomba mtoto yeyote asitumbukie tena. Alipofunua uso, alikuwa akitabasamu kidogo.

Wanangu, mnapaswa kujua desturi ya bandari ile. Hakuna kitu kilichoingia Hosana kabla ya kupewa kata tatu za maji ya ziwa, yaani kuchotewa na kumwagiwa mara tatu. Kasia jipya lilimwagiwa kata tatu. Nanga ilimwagiwa. Kiboko mwenyewe, siku alipowekwa kuwa nahodha, alimwagiwa kichwani mbele ya mkewe. Kata ya kwanza ilikuwa ya Muumba aliyetenga maji na nchi kavu. Ya pili ilikuwa ya wale waliozama. Ya tatu ilikuwa ya wale watakaorudi salama. Lakini Fisi alikuwa mtu wa kupita, na Kiboko na Nyati, kwa kupumbazwa na zile taa nyekundu, walikuwa wamesahau.

Jumamosi Nyamizi alifika wa kwanza, amevaa kanga yake ya kanisani. Alimsalimu Fisi kwa heshima zote. Akasema amekosa, kwamba udogo wake ulimfanya aogope vitu vikubwa, na sasa anaona masanduku yale yanastahili kupewa omo yote, ile sehemu ya mbele ya chombo, yeye atajibana popote. Aliomba jambo moja tu. Chini ya mkokoteni alikuwa ameviona vispika viwili vidogo, vyeupe, vipana kama sahani ya wali, ambavyo Fisi alivitumia kuzuia magurudumu yasiteremke. Je, angeweza kupewa hivyo viwe nyongeza, avikalie huko mbele ili miguu yake isilowe?

"Chukua, mama, chukua," Fisi alisema, akifurahi kwamba mkaidi pekee wa kijiji amelainika. "Vilitoka kwenye chombo chakavu. Havina hata taa."

Nyamizi alivipindua taratibu. Nyuso zake zilikuwa za plastiki laini, kingo za mpira, wavu wa mbele hauna hata doa la kutu, na mgongo umezibwa pasipo tundu la kupitisha sisimizi. Akashukuru, akavibana kwapani.

Watu walipokusanyika na karanga zikawekwa kando ya mkokoteni, Nyamizi alipanda juu ya kigogo akaomba ruhusa ya kusema. Akamsifu Nahodha kwa kuchagua. Akamsifu Mzee Nyati kwa kutoa mfano wa Yeriko. Kisha akasema, kama aliyekumbuka ghafla, kwamba spika tukufu namna ile haifai zimwagiwe kata tatu na mtu yeyote tu. Nahodha mwenyewe amwage, kwa ndoo yake kubwa, na ziwe zinaimba wakati huohuo, ili sifa na maji viende pamoja.

"Amina," alisema Nyati, na machozi yakamlengalenga.

 Fisi alisema desturi ni nzuri sana, ila pengine kitambaa chenye unyevu kingetosha. Nyamizi alimwangalia kwa mshangao mpole.

"Bwana Fisi, si za majini hizi?"

"Za majini kabisa."

"Basi zitafurahi."

Fisi akatazama magunia, akatazama njia ya kurudia, akatazama mabega ya Nyati yaliyoziba njia hiyo. Akapendekeza tone moja. Nyati akasema kwa ukali kwamba katika bandari ile hajapata kuonekana aliyeyakimbia maji ya baraka, isipokuwa mwenye la kuficha. 

Muziki ukawashwa. Dum! Dum! Kiboko akainua ndoo. "Ya Muumba." Chwaaa! Spika zikakohoa, kro, kro, kama mzee aliyepaliwa. Kiboko akadhani zimeguswa na roho, akainua tena. "Ya waliozama." Chwaaa! Sanduku la kushoto likatoa moshi mwembamba, la kulia likalia tii kisha likanyamaza. Taa nyekundu zikafifia.  "Ya watakaorudi," alisema Kiboko kwa sauti ndogo sana, maana desturi haikatizwi, akamwaga. Rangi nyeupe ikaanza kuteremka kama uji. Nanga zikayeyuka zikaenda na maji. Chini yake ikabaki picha ya wanandoa wakicheza rumba, na maandishi ya ukumbi mmoja wa harusi ulioko mbali na ziwa lolote.

Hapo Nyamizi alishuka kigogoni akaweka vispika vyake mchangani. "Navyo vinaingia chomboni," alisema. "Desturi ni desturi."

Akaviunganisha mwenyewe. Wimbo ukatoka, si mkubwa, lakini kila neno lilisimama peke yake kama mti kwenye uwanda. Kiboko akamwaga mara tatu. Maji yaliteleza juu ya zile nyuso laini yakaanguka, na wimbo ukaendelea kana kwamba hakuna kilichopita.

Sasa hasira ikawapanda. Nyati akainamisha pembe. Kiboko akasema Fisi atafungwa kwenye masanduku yake azame nayo, na wapo waliokwenda kutafuta kamba. Fisi alianguka magotini. Nyamizi akasimama mbele yake, kizuizi kidogo kuliko ndoo.

"Anastahili," alisema. "Alikuwa tayari kuwaua watoto wetu kwa karanga, na neno hilo nalisema mbele ya uso wake. Lakini kata ya tatu ni ya watakaorudi salama. Hatuwezi kuitamka na papo hapo kumzamisha mtu. Abebe masanduku yake, aache magunia yetu. Na kesho kutwa tutakapovuka sikukuu..." Alikosea siku, akajirekebisha. "Kesho. Kesho akae mbele, kando yangu."

Hakuna aliyependa jambo hilo, lakini kamba zikarudishwa zilikotoka.

Jumapili ukungu ulikuja mzito kuliko ule wa miaka mingi. Hosana iling'oa nanga ikiwa imejaa hadi ukingoni, na baada ya muda mfupi bara ikafutika, kisha maji yakafutika, na ikawa kama wote wameketi ndani ya wingu wakisubiri kuumbwa. Mama Digidigi alikuwa amemshika mwanawe kwa mikono miwili. Fisi alikaa mbele kando ya Nyamizi. Vile vispika, vimelowa umande, vikaimba ubeti mmoja. Wimbo ukaondoka taratibu juu ya maji, ukaingia ndani ya weupe, ukaenda.

Injini ikazimwa. Kimya. Fisi akafungua kinywa, na Nyamizi akaweka kidole juu ya midomo yake.

Ko. Ko. Ko.

Mbali, dhaifu, upande wa kushoto. Fisi aliusikia, naye akainamisha kichwa akalia bila sauti, kwa kuwa alielewa kile ambacho masanduku yake yangekifunika. Nyamizi akanyosha mkono. Kiboko akageuza usukani. Ubeti, kimya, debe, mkono, hadi mwamba ukatokea ukunguni, na juu yake kikongwe mmoja mdogo, ameketi na debe mapajani, uso ameuelekeza kwao kama anayewaona.

Abiria waliposhuka wakiimba, Kiboko alibaki nyuma. Alivua kofia yake.

"Ulijua tangu Alhamisi," alisema.

"Nilijua, Nahodha."

"Sasa kwa nini hukuniambia, mpaka ukanizungusha mbele ya watu?"

"Nilikuambia," Nyamizi alijibu kwa upole. "Ulicheka."

 Kiboko akainama, mkubwa vile, akamnyoshea kofia, na Nyamizi akaingia ndani yake, akabebwa hadi mwambani kwa mama yake.

Hapo ndipo hadithi yangu inapotia nanga, wanangu, na fundisho lake ni hili: kitakachokwenda majini kipimwe kwa maji, na mwenye nguvu anyamaze kwanza amsikie mdogo, maana huenda sauti ya kumwokoa imewekwa kwake.