Kiti Kilichozeeshwa kwa Masizi

Ndugu zangu, alikuwapo fundi mmoja wa kuchonga mbao, mkali wa kazi yake. Tajiri wa mtaani akamwagiza kiti cha mikono cha mbao ya mkangazi, kilichonakshiwa maua na matawi kwa mtindo wa mababu. Akataka kionekane kikongwe. Fundi akakitoboa kwa msumari kana kwamba kimeliwa na wadudu, akakipiga kwa mnyororo, akakisugua kwa masizi. Alidhani ni pambo la sebuleni tu, na kazi ile ilimfurahisha mno.

Miezi minne baadaye akaitwa mbele ya wazee wa mtaa. Akakikuta kiti kile kimewekwa katikati, na chini, kwenye mkeka, ameketi mjane jirani yake. Tajiri alikuwa akieleza kwamba babu yake alikalia kiti hicho enzi alipogawa viwanja, na kwamba nyumba ya mjane imesimama juu ya ardhi ya ukoo wake. Kilichobaki ni fundi kuthibitisha umri wa kiti, mama wa watu afungashe virago.

Angefanya nini, ndugu zangu? Tajiri yule ndiye aliyekuwa akimpa kazi. Aibu ilimchoma, maana mikono iliyoutengeneza uongo ule ilikuwa yake.

"Kina miezi minne," akasema. "Nimekichonga mimi."

Tajiri akamwuliza taratibu, "Unajua kwamba hutapata kazi tena mji huu?"

"Najua, bwana. Niulize tena, nitajibu vilevile."

Mwenyekiti wa wazee akaanza kumkaripia kwa kuvunja heshima ya kikao. Fundi hakuketi; alikuwa ameona weusi ukichungulia kwenye mkunjo wa kanzu ya mzee.

"Mzee wangu, kunjua mkono wa kanzu yako tuuone."

Mzee hakuukunjua. Asubuhi ile alikuwa ameegemea kiti, masizi yakamchafua kanzu. Alikuwa ameliona doa, akaelewa kwamba uzee wa kiti ni wa kupakwa, akaukunja mkono wa kanzu akanyamaza.

Haya. Sasa kila mmoja wetu humu ndani anajiona ni yule fundi, sivyo? Hapana, jamani. Wengi wetu ni yule mzee. Tunajua, tunakunja mkono, halafu tunaiita hiyo busara. Mimi busara hiyo siitaki, na sitaiombea dua. Mtaani kwetu yuko mtu ameketi mkekani, anasubiri mmoja wetu aseme anachokijua. Mkitoka hapa msije kuniambia mawaidha yalikuwa mazuri. Nendeni mkaseme leo, angali ana nyumba.