Nyati na Mashimo Matupu

— Watoto, hadithi hiyoo!
— Ije mbio!
— Imefika na vumbi miguuni!
— Ikaribie, tuipanguse!

Kaeni basi. Wewe wa nyuma, acha kuuchokonoa mkeka. Nami leo situlii, joto linaniwasha mgongo, lakini joto letu hili ni mchezo tu mbele ya kiangazi cha Nyati.

Kiangazi hicho mito ilikauka, visima vikakauka, umande nao ukakauka. Likabaki bwawa moja porini. Nyati akaingia ndani yake. Chubwi! Akalala.

Akaja Swala. "Nyati, naomba kunywa."

"Hakuna!"

Akaja Ngiri. "Nyati, naomba kunywa."

"Hakuna!"

Akaja Kindi, mdogo kama kiganja cha mkono. "Mjomba Nyati, nina watoto watano pale mtini. Ndimi zao zimekuwa ngumu kama magome."

"Hakuna! Toka, nisije nikakukanyaga!"

Kindi akatoka. Akapanda mti, akashuka. Akapanda, akashuka. Hakuweza kukaa. Mtoto wake wa mwisho alikuwa ameacha kulia, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikomtia hofu. Mara akashuka, safari hii hakupanda tena. Akakimbia, chapu chapu chapu, hadi kwa Tembo, mkubwa wa pori lote.

Tembo akaja. Gudu! Gudu! Nyati akatoka majini, maana hakumwogopa mwingine ila Tembo.

Tembo naye alikuwa na haraka zake. Nzi walimjaa masikioni. "Sitaki makelele," akasema. "Kila mmoja aandike hapa chini mafunda ya maji anayotaka kwa siku. Alasiri nitarudi nisome. Nikishasoma, sibadilishi hata jiwe. Na atakayezidisha funda moja, nitamrusha nyuma ya mlima!" Akaenda, gudu, gudu.

Kuandika kwa pori lile kulikuwa kuchimba mashimo manne kwa mstari na kutia vijiwe. Nyati hakujua kuandika. "We kidudu!" akamwita Kindi. "Niandikie!"

Kindi akachimba. Kwacha, kwacha, kwacha, kwacha. "Sikiliza, mjomba. Tunaanzia kulia. Jiwe moja katika shimo hili la mamoja ni funda moja. Jiwe moja katika hili la makumi ni mafunda kumi. Jiwe moja katika hili la mamia ni mafunda mia. Jiwe moja katika hili la mwisho, kushoto, ni mafunda elfu. Jiwe ni lilelile, ila..."

"Fanya haraka! Jua linanichoma!"

"Unataka mafunda mangapi?"

"Elfu sita!"

Swala akaangua kilio. Mafunda elfu sita kwa siku! Bwawa lisingefika keshokutwa.

Mkia wa Kindi ukatulia kidogo. "Elfu sita tu? Na mama mkwe wako akija kukutembelea?"

Nyati akafikiri. "Ongeza matatu."

"Umerukwa na akili?" Swala akamnong'oneza Kindi. "Unamwongezea?"

"Sita matupu yatamuua," Kindi akajibu kwa sauti ya chini. "Nyati akifia bwawani, maji yatanuka." Swala hakuelewa kitu. Nanyi ngojeni.

Kindi akatia vijiwe sita katika shimo la maelfu. Ta, ta, ta, ta, ta, ta. Shimo la mamia akaliacha tupu. La makumi akaliacha tupu. Katika la mamoja akatia vitatu. Ta, ta, ta.

"Tayari, mjomba. Elfu sita na tatu. Hayo mawili matupu yaache hivyohivyo, usiyaguse."

"Kwa nini nisiyaguse?"

"Yana kazi."

"Kazi gani?"

"Yanashika nafasi."

"Nafasi ya nani?"

Kindi akamtazama Swala. Akamtazama Ngiri. Akatazama chini.

Nyati akafura. "Aha! Wenzako waje watie mawe yao katikati ya maji yangu!"

"Sikusema hivyo, mjomba. Nakuomba, usiyaguse."

Kuombwa kule ndiko kulikomchoma. Pu! Akalifukia shimo la kwanza tupu. Pu! Akalifukia la pili. Akaviona vile vijiwe vitatu vimebaki mbali, peke yake. "Na haya yakae karibu yangu, yasiibwe!" Akachimba kwa kwato shimo jipya, bega kwa bega na lile la vijiwe sita, akavisukumia humo. Lile la zamani akalikanyaga, pu! Kisha akavihesabu vijiwe vyake. Tisa. Hakijapungua hata kimoja. Akalala kando yake, akavilinda mwenyewe mpaka alasiri.

Tembo akarudi, akainama. "Shimo la kulia, tatu. Shimo la makumi, sita. Mafunda sitini na matatu." Akashangaa. "Nyati! Kumbe una kiasi? Nami nilidhani wewe mlafi!"

"La! Elfu sita na tatu!"

"Elfu iko wapi?"

"Hii hapa, mawe sita!"

"Hayo yako kwenye makumi."

"Lakini ni mawe yaleyale! Tisa! Sikupoteza hata moja!"

"Mawe hukupoteza," akasema Tembo. "Umepoteza nafasi zake. Nani kayafukia mashimo?"

Nyati akatazama kwato zake. Zilikuwa zimejaa udongo.

Wengine wakaandika yao. Kindi akaandika kumi na mbili, jiwe moja na mawili, akabeba maji mdomoni hadi mtini. Yule wa mwisho akanywa, akakohoa, akalia kwa nguvu. Kindi hakuwahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Bwawa likafika hadi mvua. Nyati naye hakufa, maana bila vile vijiwe vitatu angebaki na mafunda sita tu. Alikunywa mafunda yake sitini na matatu, kila siku akinung'unika. Lakini moja alijifunza: mashimo matupu yana nguvu!

Kwa hiyo kiangazi kilichofuata aliwahi mapema, hakumwita mtu. Akatia mawe sita na mawe matatu. Kisha akachimba mashimo matupu arobaini, mengine hadi kichakani, jasho likimtoka. Yote akayachimba upande wa kushoto.

Tembo akaja, akatembea mstari mzima akisoma. Hakuna, hakuna, hakuna, hakuna... "Sitini na tatu," akasema, akaenda zake.

— Hadithi imechoka!
— Ilale!
— Imelala wapi?
— Katika shimo tupu!

Na funzo lake, watoto, ni hili: kitu kitupu hakina faida, mkikiona kifukieni. Mwalimu akiwauliza nani kawafundisha, semeni Nyati.