Koti la Undugu

Kaeni, wapendwa. Nanyi vijana mliosimama hapa mbele, viongozi wetu wapya, kaeni kwanza. Najua mmetoka kwenye semina ya uongozi, mmechoka, na mnangoja niwawekee mikono muende mkale. Mikono nitawawekea. Lakini kwanza nina habari moja.

Kulikuwa na chuo kimoja huko nyanda za juu, mahali ambapo ukisema neno asubuhi unaona mvuke unakutoka mdomoni. Vijana wa kiume wa chuo hicho walikuwa na umoja wao, wakauita Undugu. Ukiingia mwaka wa kwanza humjui mtu, umesimama na godoro lako na ndoo yako, wao ndio wanaokupokea. Wanakuonyesha bomba lipi linatoa maji na mhadhiri yupi hataki utani. Kuanzia siku hiyo wewe ni ndugu yao, ukiugua kuna mtu atakukorogea uji.

Sasa, Undugu huu ulikuwa na koti moja. Koti jeusi, la heshima, lililoachwa na ndugu mmoja wa zamani alipohitimu. Wanafunzi wa pale wengi walikuwa watoto wa wakulima, koti lao wenyewe hawana. Kwa hiyo ndugu akienda kutetea utafiti wake, huvaa lile koti. Akiitwa kwenye usaili wa kazi, lile koti. Akienda kujitambulisha ukweni, lile lile koti! Limepunguzwa kiunoni, limeongezwa kiunoni, limeshonewa vifungo vya kila namna. Mwembamba akilivaa linampwaya, mnene akilivaa anapumua kwa zamu. Mnacheka, lakini kuna watu wameoa kwa sababu ya koti lile.

Na palikuwa na desturi. Kijana akishachaguliwa kuwa mwenyekiti, kabla ya kuapishwa hupitishwa kwenye mafunzo. Mlezi wao, mwalimu mmoja mstaafu, huwafundisha kuendesha kikao, kusuluhisha ugomvi, kuhutubia bila kutetemeka. Na tangu siku ya kwanza ya mafunzo mpaka amalize uongozi, mwenyekiti hukabidhiwa koti. Alitunze, alipige pasi, ashone kifungo kikikatika. Ndugu mwenye haja akija, ampe.

Mwaka huo alichaguliwa kijana mmoja ambaye jina lake silitaji, maana anaweza kuwa wewe. Wenzake walimwita Mteule, kwa utani, na yeye jina hilo lilimkaa vizuri. Alikuwa kijana mzuri, nawaambieni. Mpole, mchapakazi, mwenye sauti ya kuhutubia. Koti alilitunza kama macho yake. Aliyekuja kuliomba alipewa, hata akilirudisha lina mafuta ya pilau kwenye mkono, Mteule alilisugua kwa sabuni bila kununa.

Ila moyoni alikuwa na siku yake. Siku ya kuapishwa, koti atalivaa yeye. Mama yake atatoka kijijini kuja kumwona. Alikuwa amekwisha kumwambia kwenye simu, "Mama, utanikuta nimevaa koti." Na mama akacheka kicheko ambacho Mteule alikuwa hajakisikia tangu baba yake afariki. Jamani, ni dhambi kijana kutaka mama yake amwone amependeza? Si dhambi. Mimi nisingemlaumu.

Siku ikafika. Ukumbi umepambwa, wali unanukia jikoni, Mteule yuko chumbani anapiga pasi. Mlango ukasukumwa. Aliyeingia ni yule aliyelala naye kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu na Mteule chini. Huyu nampa jina, kwa sababu watu wa aina yake majina yao huwa hatuyakumbuki. Tumwite Ambakisye. Kwenye vikao haongei, kwenye picha anakaa pembeni. Amelelewa na bibi, baba na mama hakuwajua.

Akasema, "Kaka, bibi amefariki. Alfajiri ya leo. Wananingoja ndipo wazike, kesho."

Mteule akaiweka pasi chini. Akamkumbatia. "Pole, ndugu yangu. Pole sana, Amba."

"Asante, kaka." Akashusha begi lake. "Nimekuja kuomba koti."

"Leo?"

"Bibi alikuwa akinitania, siku nikikuona umevaa koti nitajua nimemaliza kulea. Alikuwa anangoja nihitimu. Sasa nimeona, hata kama ni kaburini, nisimame mbele yake nimelivaa."

Mteule alilitazama koti pale mezani, bado lina joto la pasi. Akamwona mama yake moyoni, yuko njiani anakuja. Akasema kwa upole kabisa, "Amba, leo naapishwa. Mama yangu yuko njiani, nimeshamwahidi. Ungeniambia hata jana, tungepanga."

Ambakisye akajibu, "Jana alikuwa mzima, kaka."

Mteule akakumbuka aliyofundishwa. Akasema, "Nitawaambia ndugu wote wasimame kwa heshima ya bibi. Tutakuombea pale pale ukumbini, kabla ya kiapo. Ukirudi, tutakuja wote kukupa pole." Ambakisye akasema asante. Akachukua begi lake, akatoka, na mlango ule uliokuwa na kitasa kibovu akaufunga polepole ili usigonge.

Ndugu zangu, mmeliona kosa? Hakumtukana. Hakumfukuza. Alimkumbatia, akampa pole ya kweli, akamwahidi maombi, akamwahidi heshima ya ukumbi mzima. Alimpa kila kitu isipokuwa kitu alichoombwa.

Basi. Mteule akavaa koti, akasimama mlangoni pa ukumbi kupokea wageni. Akamwona mama yake anakuja, kitenge kipya, jasho usoni, nyuma yake kikapu cha ndizi mbivu kimeshawekwa kwenye ngazi. Mama akamshika mabega. Akampapasa kola, akamgeuza nyuma, akamgeuza mbele, kama anayenunua. Machozi yakamlengalenga.

"Umependeza, baba. Umekuwa mtu mzima. Hili koti ni la nani?"

"Letu sote, mama. La Undugu."

"Vizuri sana. Na yule mwenzenu aliyenileta, mbona yeye haingii?"

"Nani, mama?"

"Si yule kijana. Nimemkuta getini na begi lake, macho mekundu. Nikamwuliza, mwanangu, ukumbi wa kuapishwa uko wapi? Naona alikuwa anatoka, lakini akageuka. Kikapu changu akakitwika kichwani, msomi mzima, mpaka hapa kwenye ngazi. Nikamwambia anayeapishwa ni mwanangu. Akaniambia, 'Mama, umezaa mtu mwema.' Nikamwambia ingia basi ule wali, akasema ana safari, basi litamwacha." Mama akatazama barabara ya getini. "Kwani yeye si wenu?"

Mteule akaitazama barabara ile ile. Koti lile, ambalo limepwaya kwa wembamba na kubana kwa wanene, mwilini mwake lilikuwa limekaa sawasawa. Siku hiyo ndipo likaanza kumbana. Alikuwa amemnyima, na yule aliyenyimwa akambebea mama yake ndizi. Akamsifia kwa mama yake! Angeweza kusema neno moja tu pale mlangoni, mama akajua mwanawe ni mtu wa namna gani. Hakulisema.

Ndani wakaita, "Mteule apite mbele."

Nanyi mnajua katiba za vyama vya wanafunzi, mmetoka kuzisoma juzi. Yao ilisema mteule asipokuwepo wakati wa kiapo, anaapishwa makamu. Mteule aliijua, aliikariri yeye mwenyewe. Makofi yameanza. Mlezi amesimama, karatasi ya kiapo iko mkononi.

Akalivua koti.

"Mama, nisamehe. Yule ni ndugu yangu, amefiwa na bibi yake. Aliniomba hili koti nikamnyima, kwa sababu nilitaka wewe unione."

Mama alimtazama. Mama anajua kutazama. Akasema, "Nimeshakuona. Sasa mkimbilie. Ndizi nitazigawa mwenyewe."

Akakimbia. Akashuka mteremko wa chuo na shati jeupe katika baridi ile, koti kalikumbatia kama mtoto mchanga. Njia nzima anaomba, Mungu, basi lisiwe limeondoka. Na lilikuwa limeondoka! Lakini Ambakisye hakuwemo. Kile kikapu cha ndizi kilikuwa kimemchelewesha. Amekaa kwenye benchi la stendi, begi mapajani, anangoja basi la pili.

Mteule aliyefundishwa kuhutubia bila kutetemeka akasimama mbele yake, akatafuta neno, akakosa. Ambakisye ndiye aliyeanza. "Kaka, na kiapo?"

"Simama," Mteule akasema. "Nikuvalishe. Leta mkono huu kwanza."

Akamvalisha pale pale stendi, watu wanatazama. Akamfunga vifungo kimoja kimoja. Basi la pili lilipokuja, wakapanda wote wawili, maana Mteule aliona hawezi kumwachia koti halafu akamwacha mtu.

Kesho yake wakazika. Mteule alikuwa kati ya waliofukia, matope mpaka magotini, hakuna aliyejua kwamba yule alikuwa amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Ambakisye akasimama mbele ya kaburi, mikono ya koti imefunika nusu ya viganja vyake. Shangazi yake akaja, akamnyooshea kola, akainama kuelekea pale kwenye udongo mbichi. Akasema, "Mama, kijana wako huyu hapa. Amevaa. Kazi umemaliza, lala." Mteule akageuka pembeni akalia kama aliyefiwa yeye.

Walirudi chuoni. Najua mnangoja niwaambie kwamba alirudishiwa kiti. Hakurudishiwa. Katiba ni katiba, makamu alikuwa amekwisha kuapishwa, na alikuwa mtu mzuri, wala hakuiba kitu. Iliuma. Alipoona picha ya viongozi imebandikwa ukutani na yeye hayumo, iliuma sana. Nisiwadanganye eti kutenda mema hakuumi.

Lakini siku chache baadaye, mwenyekiti mpya alikuja kwenye chumba kile cha kitasa kibovu. Koti alilokabidhiwa liko mkononi.

"Ndugu," akasema, "naomba hili likae kwako."

"Koti hutunzwa na mwenyekiti."

"Ndivyo desturi inavyosema. Lakini ndugu wakiwa na shida hawagongi kwangu. Nimewaona. Wanapita mlango wangu, wanakuja kugonga huu. Sasa koti likae kwangu lifanye nini?"

Mteule akalipokea. Kabla hajalitundika, mlango ukagongwa.

Wapendwa, mpaka hapo mlikuwa mnamsikiliza yeye. Sasa tujisikilize sisi. Sisi ni wepesi wa pole. Tuna maombi, tuna vikundi vya faraja, tuna dakika ya kusimama kimya, na tunavitoa kwa roho safi kabisa. Lakini kila mmoja wetu analo koti moja ambalo ameliwekea siku yake. Pengine ni muda wako. Pengine ni ile nafasi ya kuonekana. Na siku atakayokuja mtu kuliomba ni siku hiyo hiyo uliyoitengea wewe, maana kifo cha bibi hakisomi ratiba. Siku hiyo tutasemaje? Tutasema, ungeniambia jana?

Nanyi vijana wangu, simameni sasa. Mmependeza. Nawapenda, na mliyofundishwa kwenye semina ni mema, msiyaache. Nimenyoosha mikono hii, iko tayari.

Lakini nimekuwa nikitazama ule mstari wenu wa pili tangu wimbo wa kwanza, na naona kiti kimoja kitupu. Mmekaa wiki nzima pamoja. Nani hayupo?

Mnatazamana. Mwenyekiti, wewe unajua? Katibu? Kuna anayejua jina lake?

Naishusha mikono, msinielewe vibaya. Tokeni kwa mlango ule wa pembeni, mkamtafute. Kwaya itaimba, wazee watangoja, mimi nitakaa hapa hapa kwenye ngazi. Mkimpata, mje naye, na nitaanza na yeye.

Nendeni.