Bendera Iliyopandishwa Polepole

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, vyungu na serikali, waliungana wakamfukuza Simba aliyekuwa akiwatawala. Katika vita hivyo wadogo walikufa wengi, na baba yake Kindi alikuwa mmoja wao. Kisha Tembo na Nyati wakashika madaraka, wakabuni bendera. Kijani ni majani yetu sote, wakasema, bluu ni maji yetu sote, nyekundu ni damu iliyomwagika. Damu yenyewe haikuwa yao.

Ukaja ukame. Ikabaki chemchemi moja tu, na Tembo na Nyati wakaikalia. Wadogo wakaambiwa wangoje mvua. Mama yake Kindi alikauka mpaka midomo ikapasuka, na Kindi akajua kwamba asipofanya hila atamzika.

Sasa, Tembo alikuwa ameweka sheria: bendera ikipanda, kila mnyama asimame wima, macho juu, asigeuke mpaka ifike kileleni. Na aliyekaa juu ya mlingoti kuivuta alikuwa Kindi, maana ndiye hodari wa kukwea. Akawanong'oneza wadogo wote, na mama yake pia: bendera ikianza kupanda, kimbilieni chemchemi.

Asubuhi wakubwa wakajipanga. Kindi akavuta kamba, kwi... akapumzika. Kwi... akapumzika tena.

"Kamba imekwama, waheshimiwa," akasema.

Nyuma yao ikasikika gubu, gubu, gubu.

"Nyati," Tembo akanong'ona, shingo imekakamaa, "wanakunywa maji yetu."

"Nasikia. Geuka wewe."

"Nigeuke mimi niliyeweka sheria?"

Kindi nusura acheke. Lakini akatazama chini. Mama yake alikuwa amesimama mstarini, mkono kifuani. Kindi akampungia mkia aende. Hakwenda. Kindi akachelewesha kamba hadi viganja vikachubuka, na bado mama hakusogea.

Bendera ikafika juu. Wakubwa wakatimua mbio kuizingira chemchemi yao, na mama akaanguka, puu! Kindi akateremka akamkumbatia.

"Mama, mbona hukwenda?"

"Ile nyekundu ni baba yako," akasema. "Ningempaje mgongo?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Kindi akamfunika kwa majani makavu, maana kijani kilikuwa kimebaki kwenye kitambaa tu.

Hadithi yangu naiacha hapo kaburini, na funzo lake ni hili: nchi inayoheshimu damu ya waliokufa, iwape kwanza maji waliobaki.